Manjano ya Mama Zuhura

Sogea karibu, msomaji wangu, nikueleze polepole. Manjano mabichi yakikatwa hunuka udongo uliolowa mvua, nami nikiinusa harufu hiyo hurudi Kirumba, mtaa wetu wa Mwanza, miaka michache kabla ya uhuru. Wakati huo sato, samaki wetu wa ziwani, tulimchemsha kwa maji na chumvi tu. Manjano yalikuwa ya jirani yetu, Mama Zuhura. Wazee wake walikuja na mizizi hiyo kutoka pwani, naye akaipanda nyuma ya nyumba, penye unyevu wa maji ya kuoshea vyombo.

Mwaka mmoja bibi, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka Ukerewe akiwa mgonjwa. Siku tatu hakula kitu. Mama alihangaika, maana mkwe akifiwa na mama mkwe kwa njaa husemwa hadi kaburini. Mama Zuhura akampa mzizi mmoja, akiupitisha juu ya ua uliotutenganisha. “Haya yanarudisha hamu ya kula, shoga.” Mama aliona aibu kuuliza yanapikwaje. Kuuliza si ujinga, lakini husema hivyo asiyeogopa kuchekwa. Akauponda mzizi wote, akautia kwenye maji ya samaki, akachemsha. Hakuonja. Kwetu mke hakuonja chungu cha mama mkwe, angeitwa mdokozi.

Bibi alitia tonge kinywani, akalitema, akamtazama mama.

“Mama Neema, samaki huyu amekufa kwa ugonjwa gani?”

Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

“Nisamehe, Mama.”

“Nimekusamehe. Ondoa.”

Tangu hapo bibi alifumba mdomo kila mama alipomletea bakuli, hata la uji mweupe. Wiki haikuisha, tukamzika.

“Jamani, si ungeniuliza?” Mama Zuhura alilia msibani. “Ni kidogo tu, ncha ya kidole! Unakaanga na kitunguu kwanza, ndipo maji.”

Mama alijifunza, akawafundisha wanawake wa mtaa mmoja mmoja. Siku ya uhuru mtaa mzima ulilamba vidole. Mama alikula ugali kwa chumvi. Alikufa hajauonja mchuzi ule.

Siku hizi sato wa manjano yupo kwenye kila harusi Mwanza, na vijana huniambia ni mapishi ya asili ya Ziwa. Siwabishii. Wao wanakula, mimi tonge halipiti, na miaka yote hii haijalilainisha. Nina jambo moja tu la kukupa: ukimpikia mgonjwa, chota kijiko, kipoze, uonje wewe kwanza.