Mashine Inasumbua Leo
Mpima damu wa maabara moja ya Westlands huzipuliza glavu kabla ya kuzivaa, na kila chupa huiambia “haya, tuone” kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu. Kazi yake ni kutia rangi protini zilizo juu ya seli nyeupe za damu, zile zinazoiamuru seli ipigane au itulie. Katika damu ya Ridhaa, mtoto wa miaka sita, za kutuliza zilikuwa zimetoweka. Seli zilizopaswa kumlinda zilikuwa zikimshambulia mwenyewe. Mpima alirudia kipimo mara tatu kwenye mashine ya kusomea seli. Mashine ile, kwa bahati mbaya, haikosei.

Dirishani mamake Ridhaa akauliza, “Dada, ni mbaya?”

Majibu hutolewa na daktari, na daktari angekuja kesho.

“Mashine inasumbua leo, mama.”

Yule mama akacheka, akamshukuru Mungu kwa mashine mbovu, akaenda kumnunulia mwanawe chipsi.