Mgeni Anayesoma Sebuleni

Kompyuta yangu ilikuwa imenionya kwa muda mrefu. Kila nikiiwasha, kijisanduku kilichomoza pembeni kuniambia kwamba mfumo wake endeshi umepitwa na wakati na hautapata tena marekebisho. Nami kila siku nilikifunga, kama mtu anavyomfungia mlango muuza mafagio. Nilikuwa na mitihani ya shule za msingi ya kuchapa, printa ilikuwa inaitika, na kitu kinachofanya kazi mimi huwa sikichokoi.

Aliyenifanya niichokoe ni mama yangu, na wala hakuitaja kompyuta.

Mama alikuwa msomaji wa masomo ya misa katika kigango chetu hapa Nangara, Babati, tangu mimi nikiwa sekondari. Kiswahili alijifunzia shuleni, kwao Mbulu wakizungumza Kiiraqw, na labda ndiyo sababu alikisoma neno kwa neno, kwa uangalifu, kama anayepanga mayai kwenye trei. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya maandishi. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi. Akabaki na mwanga na vivuli. Kanisani hakuna aliyemwambia aache. Zamu yake ilipofika alipewa mwingine, ikawa ndiyo imetoka. Hakulalamika. Alikaa kwenye benchi akichezesha midomo wengine wakisoma, na mimi pembeni yake niliumia sana.

Siku moja akasema, "Nikilishika somo lote kichwani nitasimama tena. Hebu nisomee."

Nikamsomea. Akataka tena, na tena. Nilipoanza kuchoka akasema nasoma kama mtu anayekimbilia basi la Arusha. Nikamrekodia kwenye simu, lakini kurudisha sentensi moja kwenye kioo kisicho na kitufe cha kupapasa kulimshinda, kila mara akajikuta mwanzoni. Alihitaji kitu cha kumsubiri yeye, na subira, niseme ukweli, sikujaliwa.

Ndipo nikasikia kuna programu za bure zinazosoma maandishi kwa sauti, Kiswahili kikiwemo. Nikapakua moja. Kompyuta ikaikataa katakata: mfumo ni wa zamani mno. Nikaenda mjini kwa mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, anayejua mambo haya. Nilipomweleza mashine yangu ilivyo, akacheka hadi akaegemea kaunta.

"Dada, hiyo ni ya kuwekea chungu cha maua."

"Maua utaweka wewe," nikamwambia. "Mimi nataka isome."

Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba mfumo mpya wa kulipia hautabebeka kwenye mashine yangu, ila upo mwingine wa bure, mwepesi, na akaniwekea kwenye flashi.

Jumamosi asubuhi nikahamishia mitihani yote kwenye diski ya nje, nikafungua faili moja moja kuhakikisha zipo, nikapiga moyo konde nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Umeme wetu una tabia zake, kwa hiyo nilikataza pasi, nikakataza jagi la kuchemshia maji, hata kuku aliyepita karibu na waya nilimkodolea macho. Kioo kikawa cheusi. Nikatamka maneno ambayo Mama hakustahili kuyasikia. Halafu kikawaka, na ile kompyuta ikafunguka upesi kuliko siku niliyoinunua.

Kwa saa nzima nilimsahau mama yangu, Mungu anisamehe. Kumbe mfumo huo una ghala lake la programu, zote bure, unachagua tu! Nilipata ya kukokotoa alama za wanafunzi, ya kuunganisha na kukata kurasa, na nyingine inayoonyesha nyota zitakazokuwa juu ya Babati jioni. Nilijiona kama mtu aliyeachiwa lundo la mitumba na mwenye mali amekwenda kula. Printa peke yake ndiyo iliyonuna, nikaibembeleza hadi ikakubali.

Mwishoni nikaweka ile ya kusoma. Kwa majaribio nikaandika maneno mawili na kubonyeza.

"Shikamoo Mama," ikasema kompyuta kwa sauti nene ya puani.

"Marahaba," Mama akaitika kutoka jikoni. "Karibu, pita ndani." Kisha, kwa sauti ya chini: "We binti, mgeni katoka wapi? Mbona ana mafua hivyo? Mpe chai."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye alipoelewa hakucheka sana. Alivuta kiti, akauliza, "Na nikimwambia arudie, anarudia?"

Nikachapa somo zima. Juu ya kitufe cha kurudia sentensi nikabandika punje ya haragwe kwa gundi, ili kidole kikipate. Kuanzia hapo kompyuta ikaitwa Mgeni, na sebule haikuwa yangu tena. Nilikuwa nikirudi kutoka sokoni nasikia watu wawili wakisoma ndani, mmoja ana mafua na mwingine anamkatiza: "Hapo umekimbia. Tulia."

Mwenyewe alimwendea kiongozi wa liturujia akaomba zamu. Yule baba akanitazama mimi, nikatazama paa. Akasema, "Sawa, bibi. Jumapili."

Jumapili hiyo nilimfikisha kwenye mimbari nikarudi kwenye benchi la mbele. Nilikuwa na nakala ya somo, niliyoichapisha kutoka kwenye faili ile ile, nimnong'oneze akikwama. Alipoanza nikaanza kumfuata kwenye karatasi. Mbele kidogo nikaliona kosa langu. Palipotakiwa kuandikwa "wenye njaa", mimi, ninayelipwa kwa kuchapa mitihani, nilikuwa nimeandika "wenye njia". Mgeni alikuwa akimsomea hivyo wiki nzima, bila haya. Nikawaza: wakimsikia amekosea, watasema kwa huruma kwamba mama amechoka, na hatasimama hapo tena.

Alifika pale. Akanyamaza. Kikohozi kimoja nyuma. Nikang'ang'ania benchi.

"Wenye njaa," akasema, wazi kabisa, akaendelea hadi mwisho bila kutetereka. "Tumshukuru Mungu" iliyoitikiwa siku hiyo ilizidi kiasi.

Nje, watu walipomaliza kumshika mkono, nikamuuliza kwa nini alinyamaza pale.

"Nilimwacha Mgeni aseme la kwake kichwani kwanza," akasema, "ndipo nikasema la kwangu."

"Kumbe ulijua ni kosa?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani atalishwa kwa sababu ana njia?"

"Sasa Mama, si ungeniambia nirekebishe! Nimekaribia kuzimia pale."

Akanishika mkono tuanze kuteremka kwenda nyumbani.

"Ungekuja kurekebisha, halafu ungekaa unisomee," akasema. "Na mimi nilikuwa nasoma mwenyewe."