Nimeitikia "Chinja!" katikati ya soko la Biharamulo

Jamani, leo nimeaibika sokoni, na bado nacheka.

Mnajua huwa nakimbia asubuhi kabla sijaketi kwenye cherehani. Wateja wanasubiri nguo zao, magoti yanauma, na leo nilitoka nyumbani nikijiambia leo ndiyo mwisho wa kukimbia.

Napita sokoni, nasikia mtu anaita kutoka nyuma ya mafungu ya viazi:

"Mchakamchaka!"

Mdomo ukajibu wenyewe, kwa sauti ya darasa la tano:

"Chinja!"

Soko zima likanigeukia. Kijana wa bodaboda akafunga breki. Bibi mzima, achinjwe nani?

Kumbe ni Leokadia, niliyesoma naye enzi za Ujamaa.

"We Adela, mbona unakimbia kimya kimya kama umeiba kuku? Sisi tulikimbia hivyo lini?"

Kweli kabisa. Kila asubuhi kabla ya darasa tulikimbia pekupeku hadi mtoni na kurudi, mmoja akiita, shule nzima ikiitikia. Uchovu tuliujulia wapi?

Aliyekuwa anaita ni kaka yangu, Laurian.

Vita vya Kagera vilipoanza, aliondoka na mgambo. Hakurudi. Tangu hapo sikuwahi kuitikia tena, hadi leo.

Nikaendelea kukimbia. Nilipofika kona nikaita mwenyewe, kama kaka alivyokuwa akiita.

Kule nyuma, kwenye viazi, Leokadia akaitikia.

Kesho nakimbia tena.

Na shuleni kwenu, nani alikuwa anaita? Mtajeni hapa kwa jina.