Dasta ya Mama Tetemeko

Wanafunzi walimwita Mama Tetemeko, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Shuleni pale aliingia kufundisha ushonaji. Mwalimu wa jiografia alipohama ghafla, mkuu wa shule akamwita ofisini. "Mama, hebu nishikie kidato cha pili. Wiki mbili tu, nipate mtu." Wiki mbili hizo zikawa miaka kumi na moja! Mtu hakupatikana, chumba cha ushonaji kikageuzwa stoo, na cherehani zote zikagawiwa.

Sasa fundi cherehani atafundishaje mabamba ya dunia? Kwa ufundi huo huo, jamani. Siku za mwanzo alikesha na kitabu kifuani asiambulie kitu, mpaka alipoifikia ramani ya mabamba, akacheka peke yake. "Kumbe ni viraka!" Kesho yake akaingia darasani na shati kuukuu.

"Ganda la dunia si kitambaa kizima," akawaambia. "Ni vipande vipande, na vipande vyenyewe havitulii. Shati likivutwa huku na huku, linaachia wapi?"

"Kwenye mshono!"

"Haya. Matetemeko mengi na volkano nyingi mtazikuta kwenye mishono."

Alipokwama kueleza kinachoyasukuma mabamba, aliyemwokoa ni mpishi wa shule. Mama Tetemeko alikuwa jikoni akisubiri chai, akaona moto ukiyatokosha maziwa kutoka chini, utando wa juu ukipasuka katikati, vipande vikisogea pembeni na kujikunja kama milima. Akapiga kelele mpaka mpishi akaangusha mwiko. Tangu hapo kila mwaka wanafunzi walipelekwa jikoni, sita sita, kulizunguka sufuria. "Wachungulie," mpishi alisema, "ila maziwa ya walimu yakimwagika, utakwenda kujieleza mwenyewe."

Halafu kulikuwa na dasta, zoezi lake la tetemeko. Dasta ikigonga meza mara tatu, kila mtu chini ya dawati, mkono kichwani, mkono kwenye mguu wa dawati, mpaka Mama Tetemeko aseme, "Imetulia." Hakutoa taarifa hata siku moja. Aligonga katikati ya sentensi, aligonga wakinakili. Walimu wa madarasa ya jirani walilalamika wakachoka.

Mwaka wa kumi na moja ikaja barua: mkaguzi atawapitia wote wanaofundisha somo wasilosomea, na asiyeridhisha ataondoka. Mama Tetemeko aliisoma mara mbili akakaa chini. Cherehani ya kurudia haipo, na nyumbani kuna watoto wawili wa marehemu dada yake, wote wanamtegemea yeye.

"Usinililie hapa," mpishi akamwambia. "Siku hiyo nitakuletea jiko na sufuria mpaka darasani."

Na kweli alileta. Mkaguzi, mtu mfupi mwenye miwani na uso uliokunjwa tangu asubuhi, alikaa nyuma. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, kijasho chembamba kikimtoka. Shati likavutwa, likaachia kwenye mshono. Maziwa yakapasuka vizuri kuliko siku zote, na darasa zima likawa linabishana kwa sauti ni wapi panapoota mlima na wapi panapotoka moto. Mkaguzi akataka kuuliza swali. Hakusikika. Akaja mbele, akaita tena, wapi! Basi akachukua dasta, akagonga meza. Mara tatu.

Kufumba na kufumbua darasa likabaki madawati matupu. Mpishi alizima jiko akachuchumaa ukutani. Mama Tetemeko alijikuta chini ya meza yake, uso kwa uso na mkuu wa shule.

"Mkuu, na wewe?"

"Miguu imenileta yenyewe, Mama. Miaka kumi na moja naisikia hiyo dasta!"

Aliyebaki wima ni mkaguzi, dasta mkononi. Kutoka dawati la mbele ikasikika sauti ya msichana waliyemwita Redio kwa maneno yake mengi. "Mzee, wewe hapo feni imeshakuangukia!"

Mkaguzi akainua macho, akaitazama feni. Mama Tetemeko alitamani ardhi ipasuke immeze, na yeye anajua vizuri inavyopasuka.

"Imetulia," akasema kutoka chini ya meza.

Watoto wakatoka wakijipangusa magoti. Mkaguzi aliandika mistari michache, akaaga, akaondoka bila kugusa chai.

Wiki nzima Mama Tetemeko hakula akashiba. Siku ya nane mkuu wa shule akamfuata jikoni na karatasi. Mama Tetemeko akampa mpishi amsomee. "Mwalimu hana cheti cha somo hili. Hata hivyo, dasta ilipogongwa, wanafunzi wote thelathini na tisa walipona. Aliyekufa ni mkaguzi peke yake. Mwalimu abaki."

Mama Tetemeko akaangua kilio. Akamkumbatia mpishi, akamshika na mkuu wa shule mkono, hataki kuwaachia. "Asanteni, jamani. Asante, dada yangu. Bila sufuria lako ningekuwa wapi mimi? Asante, asante..."

"Asante nimeisikia, niachie, maziwa!"

Hakumwachia. Yakamwagika yote. Siku hiyo walimu walikunywa chai bila maziwa, na aliyekwenda kujieleza ni mpishi mwenyewe, karatasi ya mkaguzi mkononi, akiwasomea kwa sauti.