Msumeno Uliovuta Hewa

Siku mwanangu alipohamia boma lake jipya karibu na Magunga, mikaratusi ya nguzo ilikuwa bado haijakatwa. Desturi yetu Waluo inataka nyumba ya kwanza isimame na kuezekwa siku hiyohiyo. Msumeno wangu wa injini, niliouunda upya kwa spea za kuiga kutoka Migori, ulipiga kelele kali, na nilipoachia kishikio cha mafuta haukutulia.

Fundi tuliyemwita akaanza kuzungusha skrubu ya kabureta. Nilimwambia injini inavuta hewa mahali, na akiendelea hivyo pistoni itaungua.

"Mchungaji, hii si Biblia. Wachia sisi," alisema, na watu wakacheka.

Alizungusha skrubu ile hadi saa nne. Mungu amenijalia subira nyingi, lakini asubuhi ile iliniishia. Nilimnyang'anya bisibisi, nikadondosha maji kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda. Maji yakaziba mwanya, na mlio ukabadilika palepale. Mpira ule mpya ulikuwa mfupi, haukuketi sawasawa. Nikarudisha wa zamani, nikaukaza kwa waya, kisha nikalegeza skrubu kidogo kidogo hadi injini ikatulia.

"Kumbe ni mpira," fundi alisema.

"Nilikuambia saa mbili."

Bati la mwisho lilipigiliwa jua likizama. Nilipoombwa kuibariki nyumba, kifua kilikuwa bado kinawaka. Niliomba kwa ufupi sana, nisije nikamshtaki fundi mbele za Mungu.