Kitufe cha Vigelegele

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso, maana nusura nijikoseshe mke kwa kidole changu mwenyewe.

Nilinunua kibodi ya mtumba hapa Mahajanga, imetoka Japani, na pembeni ya kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi palikuwa na kitufe cha ziada chenye alama ambayo mtaa wetu mzima wa Tsaramandroso hakuna aliyeijua. Mwingine angekiacha. Mimi (mjuaji!) nikakipa kazi: kwanza kiandike jina la mtaa wetu kwa mguso mmoja, nikachoka nacho, kisha kifungue picha ya Zaina, binti niliyetaka kumwoa, mwishowe nikakitia vigelegele vya shangazi zangu niliowarekodi harusini, nikasema hiki ndicho kitakachonogesha posa yangu.

Posa yenyewe ilikuwa ya video, kwa sababu mjomba, msemaji wetu, miguu haimruhusu tena kusafiri, na Zaina kwao ni Ambanoro, kule Nosy Be. Mjomba kavaa kanzu, akaomba kwa Kikomoro kizito cha heshima, nami kidole kiko juu ya kitufe, kinaniwasha. Baba yake Zaina akakohoa, akasema, "Kwa kuwa mmekuja kwa heshima..."

Nikabonyeza!

Kumbe mzee alikuwa anakuja na "lakini subirini kwanza binti amalize masomo," ila nani amsikie? Nikabonyeza tena ili vizime, kila mguso ukaanzisha vigelegele vipya juu ya vile, shangazi watatu wakawa jeshi zima, mjomba ananipiga mkono, "Kizime, mwana we, kizime!"

Sasa kule Ambanoro wanawake waliokuwa uani wakingoja jibu wakasikia vigelegele, nao (wangefanyaje?) wakaitikia, majirani wakadakia, na bibi yake Zaina akaingia sebuleni na marashi, akammwagia mwanawe kichwani huku akisema, "Tsara, mwanangu! Tsara!" yaani vyema sana. Mzee wa watu anapangusa macho, anapaza sauti, "Sijasema ndiyo! Mimi sijasema!" na nyuma yake Zaina kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Nimeapa, furaha ya mwenye mji siishangilii tena kabla haijamtoka mwenyewe kinywani. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, watoto tunao, na baba mkwe akija kututembelea hukaa barazani na kuwaambia wageni, kwa utulivu kabisa, kwamba ile posa bado anaifikiria.