Niyonkuru Ineza, Nyina Bonifasia

Kompyuta ilimwambia mama mmoja kwamba mtoto wake hayupo, na mama akaiamini.

Ni kisa cha kaka yangu Desderius. Yeye mwenyewe hapendi kukisimulia, ndiyo maana nakisimulia mimi.

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao walikuwa wakimiminika Ngara, upande wetu wa mpaka, wengine wamepotezana na watoto porini. Desi alikuwa kijana wa kompyuta kwenye kituo cha mapokezi. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watoto waliofika peke yao na wazazi wao.

Shida ilikuwa eksel, lile jedwali la kompyuta la kuorodhesha watu. Waandikishaji walizidiwa na foleni, wakajaza kila kitu kwenye safu moja, majina na maelezo yakiwa yamebanana humo humo.

Desi akaandika programu. Akatumia rejeksi, zile alama za kuielekeza kompyuta ikate maandishi wapi. Neno la kwanza likawa jina la mtoto, la pili jina la baba, kama kwetu. Yaliyobaki yakatupwa.

Kazi ya wiki nzima iliisha kabla chai haijapoa. Ofisi ikampigia makofi, na bichwa likavimba kweli kweli.

Kila asubuhi mama mmoja Mrundi, Bonifasia, alikuja dirishani kumuulizia binti yake, Ineza. Anataja jina la mtoto, anataja la baba. Desi anabonyeza, anatikisa kichwa.

Siku ya mwisho yule mama hakulia.

"Kama hayuko huku, alibaki kule," alisema. "Nitamfuata."

Desi alimsihi asirudi, kule hali bado ni mbaya. Kesho yake nafasi yake hemani ilikuwa tupu.

Wiki hiyo hiyo Desi alipeleka biskuti kwenye hema la watoto. Akamuuliza binti mmoja jina lake.

"Niyonkuru Ineza."

Desi akashtuka. Akamuuliza kama Ineza ndilo jina la baba yake.

"Niyonkuru ni mimi, Ineza ni mimi," mtoto akasema. "Baba ana majina yake."

Jamani, kaka yangu alikimbia. Alifungua faili la zamani, lile ambalo halijakatwa. Kisanduku cha mtoto kilisomeka: Niyonkuru Ineza, nyina Bonifasia. Nyina, kwa Kirundi, ni mama yake.

Hema la mama lilikuwa jirani kabisa na la watoto, ila la watoto lilizungushiwa uzio, watu wazima hawakuruhusiwa kuingia.

Walitumwa watu hadi ng'ambo ya mpaka. Bonifasia hajapatikana mpaka leo.

Desi aliirekebisha programu, familia nyingi zikakutana, watu wakashangilia. Yeye alikuwa nyuma ya ofisi, analia.

Ineza aliruhusiwa kulelewa na mama yetu, nyumbani kwetu kijijini Runazi. Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu alitaka jina la tatu. Desi akasema liandikwe Desderius, angalau ampe hata hilo.

Mtoto akamshika mkono.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Andika Bonifasia."

Wewe unayepanga majina ya watu kwenye kompyuta, kabla hujatupa neno usilolielewa, kamuulize mwenyewe. Pengine neno hilo ni mama yake.